Kishikwambi bila kibodi ni nusu ya ofisi

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Kulipokucha Agosti 23, 2022, makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walianza kupita nyumba kwa nyumba nchi nzima. Mkoani Mtwara walipita Mikindani na Msangamkuu, wakaingia Madimba na Msimbati, wakafika Kitaya na Mahurunga kwenye kingo za Mto Ruvuma. Ilikuwa sensa ya sita tangu Muungano, na ya kwanza ambayo karani hakubeba bunda la madodoso ya karatasi. Alibeba kishikwambi.

Faida yake ilionekana kwenye kalenda. Sensa ya 2012, iliyojazwa kwa mkono, ilianza Agosti 26 na idadi ya watu ikatangazwa Desemba 31, siku 127 baadaye. Ya 2022 ilichukua siku 69: Oktoba 31 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Mtwara, iliyokuwa na watu 1,270,854 miaka kumi kabla, ilikuwa imefika watu 1,634,947.

Kazi ya kuhesabu ilipokwisha, Serikali haikuvifungia stoo vifaa hivyo. Kuanzia mwishoni mwa 2022, chini ya Kassim Majaliwa aliyekuwa Waziri Mkuu na ambaye kitaaluma ni mwalimu, vishikwambi vya sensa vilielekezwa kwenye elimu. Walimu wa msingi na sekondari wakapokea, wa mjini na wa vijijini. Ndiyo maana leo, katika shule nyingi za mwambao wa Mtwara, mwalimu ambaye hajawahi kumiliki kompyuta mpakato anacho kifaa cha Serikali chenye kioo, kamera na intaneti.

Hapo linakuja swali ambalo ofisi nyingi za kusini zinalikabili bila kulitamka. Je, kifaa hiki kinaweza kuwa ofisi kamili? Mtumishi anaweza kukitumia kuandaa taarifa, kusimama mbele ya kikao akawasilisha, akahifadhi nyaraka na kuzituma wilayani, bila kuwa na kompyuta mpakato?

Jibu ni kwamba inawezekana kwa sehemu kubwa ya kazi, lakini kwa masharti. Masharti hayo si ya gharama kubwa. Tatizo ni kwamba wanaogawa vifaa mara nyingi huyasahau, na anayepokea ndiye anayebaki na mzigo.

Chombo cha mtu aliyesimama

Sensa ilifanikiwa kwa kishikwambi kwa sababu kazi ya karani ni ya kusimama. Anauliza, anagusa jibu, anasonga mbele. Programu ilimwongoza: kaya isiyo na mtoto mdogo haikuulizwa maswali ya watoto wadogo, na jibu lisiloingia akilini lilizuiwa pale pale mlangoni badala ya kugunduliwa miezi miwili baadaye makao makuu. Karani hakuandika insha. Alichagua, akahakiki, akatuma.

Kazi za aina hiyo ni nyingi kusini. Afisa ugani anayepita mashamba ya korosho wakati wa maua hahitaji kufungua kompyuta chini ya mkorosho. Anahitaji kupiga picha ya chipukizi lililoshikwa na ubwiriunga, kuilinganisha na picha aliyonayo, kumwonyesha mkulima tofauti ya ugonjwa huo na uharibifu wa mbu wa mikorosho, kisha kumweleza kama salfa ndiyo dawa yake au la. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanya kazi ya korosho kwa miongo mingi, na maarifa yake mengi yanaweza kukaa ndani ya kifaa kinachoingia kwenye mkoba mdogo.

Karani wa chama cha msingi cha ushirika naye yuko hivyo hivyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/08, ugomvi mkubwa kati ya mkulima na chama chake umekuwa wa kumbukumbu: kilo ngapi zimepimwa, daraja gani, lini, na fedha imekwama wapi. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho ghafi iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima waliokusanyika mnadani wakabaki na haki yao ya kuikubali au kuikataa bei. Mahali ambapo mnada wenyewe umehamia kwenye kioo, kumbukumbu za mizani nazo zina sababu ya kuhamia huko.

Bunge la Tanzania lilianza njia hii mwaka 2019, pale wabunge walipopewa vishikwambi wasome nyaraka humo badala ya kubebeshwa marundo ya karatasi kila mkutano. Halmashauri kadhaa zikafuata kwa madiwani wao. Ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mbunge au diwani ndani ya kikao anasoma zaidi kuliko anavyoandika. Makabrasha ya kikao kimoja cha bajeti yanayojaza meza yanaingia kwenye faili moja, na anayetafuta jina la kata yake analipata kwa kuandika herufi chache.

Kuwasilisha mbele ya watu

Upande wa mawasilisho, kishikwambi kina nguvu ambayo kompyuta mpakato haina. Mtoa mada hafungwi mezani. Anaweza kukishika kama daftari, kutembea kati ya wasikilizaji, na akiwa na kalamu ya kioo, kuzungushia duara kwenye ramani sehemu anayoizungumzia huku kila mtu akiona.

Chukua mkutano wa kijiji ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 650. Mazungumzo ya humo ni ya mipaka: wapi panaruhusiwa kuvua, wapi pamefungwa, mikoko ipi haiguswi. Maneno peke yake hayatoshi kwa mzee anayeijua bahari kwa miamba na mikondo, si kwa nambari za ramani. Picha ya eneo hilo hilo, inayokuzwa kwa vidole viwili mpaka mwamba anaoujua uonekane, humaliza ubishi ambao ungekula nusu ya mkutano. Wakiwa watu kumi, hawahitaji hata projekta. Kifaa kinapita mkono kwa mkono.

Wakifika mia, projekta inahitajika, na hapa ndipo watoa mada wengi hukwama wakiwa wameshasimama mbele. Tundu la chaji la vishikwambi vingi vipya linafanana kwa sura, lakini halifanyi kazi moja. Baadhi ya vifaa hutoa picha kupitia tundu hilo kwenda kwenye waya wa HDMI; vingi vya bei nafuu havitoi, hata ukinunua adapta ya kawaida ya HDMI. Kwa vifaa hivyo njia rahisi iliyobaki ni kurusha picha bila waya, na hiyo inataka projekta, runinga au kifaa cha kuchomeka chenye uwezo wa kuipokea. Hilo lijaribiwe ofisini kabla ya siku ya kikao, kwa projekta ile ile itakayotumika.

Jambo la pili ni faili lenyewe. Slaidi zilizotengenezwa kwenye kompyuta ya wilayani zikifunguliwa kwenye kishikwambi huweza kuvurugika: aina ya maandishi inabadilika, jedwali linatoka nje ya ukurasa, mishale inahama. Dawa yake ni rahisi. Hifadhi nakala ya PowerPoint kwa ajili ya kurekebisha, na nakala ya PDF kwa ajili ya kuonyesha. PDF haihami. Na nakala hiyo iwe ndani ya kifaa, isiwe mtandaoni peke yake. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mada yake kwenye hifadhi ya mtandaoni tu alifika kikaoni mikono mitupu.

Kuandika ndiko kunakokwama

Sasa mpe mwalimu huyo huyo kazi ya kuandika taarifa ya robo mwaka: kurasa kumi na tano, majedwali ya mahudhurio, matumizi ya ruzuku, changamoto na mapendekezo. Kibodi ya kwenye kioo inafunika karibu nusu ya ukurasa. Kidole kinagusa herufi ya jirani. Anayetaka kunakili takwimu kutoka faili moja kwenda jingine anafungua hili, anafunga lile, anasahau nambari njiani. Shingo inaumia kwa kuinama. Kazi ambayo kwenye kompyuta ingekwisha asubuhi moja inalala mpaka kesho.

Lawama si za mwalimu. Waliovibuni vifaa hivi wenyewe walilikuta tatizo hilo. Januari 2010 Steve Jobs alipoonyesha iPad ya kwanza mjini San Francisco, aliieleza kuwa kifaa cha kukaa kati ya simu na kompyuta mpakato. Mwaka 2012 Microsoft ilipotoa Surface, iliitangaza pamoja na kibodi inayogeuka kuwa kifuniko. Mwaka 2015 Apple nayo ikatoa iPad Pro, ikiwa na kibodi yake na kalamu. Kampuni mbili kubwa zilikubaliana kwamba anayetaka kuandika kwa dhati anahitaji vitufe vya kubonyeza.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kugeuza kishikwambi kuwa ofisi ni kibodi. Ya Bluetooth inafaa. Ya waya inayotumika kwenye kompyuta za mezani nayo inafaa kwa vifaa vingi kupitia kiunganishi kidogo cha OTG. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta mpakato mpya. Ukiongeza kisimamio cha kukiinua kifaa kifike usawa wa macho, mwalimu anaandika taarifa yake kama katibu muhtasi anavyoandika.

Sharti la pili ni mpangilio wa lugha. Vifaa vingi huja vikiwa vimewekewa Kiingereza, na kila mtu akiandika "watoto wale walipata" mashine inasahihisha kwa Kiingereza mpaka sentensi inapoteza maana. Kibodi ya Gboard inayotumika kwenye vifaa vya Android inacho Kiswahili. Kukiwasha ni kazi ya dakika mbili, nayo inaokoa masaa.

Sharti la tatu ni kuijua mipaka ya programu. Microsoft inaruhusu kuhariri bure nyaraka za Word, Excel na PowerPoint kwenye vifaa ambavyo kioo chake hakizidi inchi 10.1, kikizidi hapo, kuhariri kunahitaji usajili wa kulipia. Anayenunua kishikwambi kikubwa akidhani amepata kilicho bora anaweza kujikuta anasoma tu. Na kwenye Excel, majedwali ya wahasibu yaliyojengwa kwa makro hayatendi kazi kwenye kishikwambi cha Android wala iPad. Mhasibu wa halmashauri na afisa mipango wanahitaji kompyuta, na si haki kuwaambia wabane matumizi kwa kutumia kifaa kisichoweza kazi yao. Hakuna mkulima wa Tandahimba anayepalilia shamba kwa bomba la kupulizia salfa.

Lakini kuna nyaraka ambazo kishikwambi kinazifanya vizuri kuliko kompyuta. Barua yenye sahihi na mhuri inapigwa picha kwa programu ya kuskani, inanyooshwa kingo, inageuzwa PDF na kutumwa wilayani bila mtu kupanda bodaboda kwenda mjini. Mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, PEPMIS, unaotumika tangu 2024, hujazwa kupitia tovuti, na kishikwambi kinaufungua bila shida. Vitabu vya kiada vilivyo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vikishapakuliwa mara moja penye mtandao mzuri, mwalimu wa Msimbati anavisoma nyumbani usiku bila kununua bando tena.

Umeme, mchanga na chumvi

Mazingira ya kusini yana sauti kubwa katika uamuzi huu. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilipata umeme wa mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, nje ya Gridi ya Taifa, na mtambo mmoja ulipopata hitilafu, mikoa miwili iliisikia. Watumishi wa hapa wamejifunza kupanga kazi kwa kuangalia taa.

Kwenye hilo kishikwambi kinashinda waziwazi. Chaja yake kwa kawaida hutumia wati 10 hadi 15. Ya kompyuta mpakato hutumia wati 45 hadi 65. Pawabenki ya mAh 20,000 inaweza kujaza kishikwambi cha kawaida karibu mara mbili, na paneli ndogo ya sola inayowasha taa za zahanati inaweza kukichaji mchana bila kuwanyima wauguzi mwanga wa usiku. Mtumishi anayelala kijijini siku mbili anaweza kufanya kazi zote hizo bila kutafuta soketi.

Mchanga na chumvi ni habari nyingine. Anayeujua mchanga wa Msimbati, au upepo wa bahari unaopiga kwenye kivuko cha Msangamkuu, anajua kwamba hakuna chuma kinachosalimika. Tundu la chaji ndilo linalokufa kwanza: chembe za mchanga zinajaa, hewa ya chumvi inaleta kutu, waya unaanza kulegea, na mwenye kifaa anasema betri imekufa wakati betri haina kosa. Kifuniko cha mpira chenye kizibo cha tundu, mfuko usiopitisha maji, na kitambaa kikavu cha kufutia kila jioni vinarefusha maisha ya kifaa kwa miaka.

Betri nayo ina umri. Za lithiamu huanza kupungua uwezo baada ya kujazwa na kumalizwa mara mia kadhaa, na vishikwambi vilivyoanza kazi kwenye sensa ya 2022 sasa vimeuzoea uchovu huo. Isitoshe, kifaa kisichopata tena masasisho ya usalama hatimaye hukataa programu mpya. Hapa ndipo kompyuta mpakato inapolipiza kisasi: betri yake, diski yake na hata kibodi yake fundi wa mjini Mtwara anaweza kuvibadilisha. Kishikwambi kimegundishwa kwa gundi. Kioo kikipasuka, mara nyingi safari yake imekwisha. Halmashauri inayogawa vifaa mia bila fungu la matengenezo inajua, au ilipaswa kujua, kwamba baada ya miaka michache itabaki na hesabu ya vifaa kwenye daftari la mali tu.

Taarifa za watu ndani ya mkoba

Kifaa kinachobebeka kirahisi kinapotea kirahisi. Ndani yake mna majina ya wanafunzi, namba za simu za wazazi, kilo za korosho za kila mkulima, pengine na picha za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kishikwambi cha ofisi kisicho na nywila, ambacho watoto nyumbani wanachezea michezo, kinaiweka ofisi upande mbaya wa sheria hiyo.

Ulinzi wake hauhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Nywila ya kufungulia, akaunti ya kazi iliyotengwa na ya nyumbani, uwezo wa kukifuta kifaa kwa mbali kikiibwa, na nakala ya nyaraka inayohifadhiwa ofisini kila wiki: hayo manne yanatosha kuanzia.

Jirani alivyogawa

Kenya ina somo la kutuongoza. Mwaka 2016 ilianza mpango wa kitaifa wa kupeleka vifaa vya kidijitali kwenye shule za msingi za umma, na zaidi ya vifaa milioni moja vikagawiwa. Watoto wa madarasa ya mwanzo walipewa vishikwambi. Walimu hawakupewa vishikwambi. Kila shule ilipata kompyuta mpakato kwa ajili yao, pamoja na projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Waliopanga mgao huo walitambua kwamba anayesoma na anayeandaa hawahitaji chombo kimoja. Hata hivyo shule nyingi zilikwama kwenye umeme, mafunzo na matengenezo, na vifaa vikaishia makabatini. Kuchagua kifaa sahihi ni hatua ya kwanza tu. Kinachofuata ndicho kinachoamua.

Sisi tulifanya kinyume: mwalimu alipata kishikwambi. Haikuwa dhambi. Vifaa vilikuwapo, vimelipiwa kwa fedha za umma, na ingekuwa hasara kubwa kuviacha vizeeke stoo. Lakini kazi haijakamilika. Kama shule ina walimu kumi na vishikwambi kumi, haihitaji kununuliwa kompyuta mpakato kumi. Inahitaji kompyuta moja nzuri kwa kazi nzito za majedwali, kibodi tatu au nne za kupokezana, projekta moja iliyokwisha kujaribiwa na vifaa hivyo, na mtu mmoja kati ya walimu anayejua kuwasha Kiswahili kwenye kibodi, kutoa PDF na kuhifadhi nakala.

Kifanyike nini

Halmashauri za mwambao huu huandaa bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai Mosi. Katika bajeti hiyo, kila ofisi iorodheshe kazi zake kabla ya kuorodhesha vifaa. Wanaozunguka vijijini, wanaosoma makabrasha na wanaowasilisha mbele ya wananchi wapewe kishikwambi pamoja na kifuniko, pawabenki na bando. Wanaoandika taarifa ndefu waongezewe kibodi na kisimamio. Wahasibu, maafisa mipango na wachora ramani wapewe kompyuta. Na pembeni ya kila orodha liwepo fungu la matengenezo, lenye kiasi kinachotajwa, ili kioo kikipasuka Kitaya pawe na mahali pa kukipeleka.

Mafunzo yafanyike shuleni na kwenye ofisi za kata, kwa Kiswahili, kwa vifaa vile vile ambavyo watumishi wanavyo mikononi. Semina ya siku moja hotelini, ambako mwezeshaji anatumia kompyuta mpakato kuwafundisha watu wenye vishikwambi, haimsaidii mwalimu wa Mtawanya akirudi darasani.

Mtwara imekwishaonyesha, nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji, kwamba kazi ya Taifa zima inaweza kupita kwenye kioo kidogo na ikakamilika kwa wakati. Wakati ule kifaa kilikuja na mafunzo, programu iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, na msimamizi wa kumwuliza. Mwalimu, afisa ugani na karani wa ushirika wanastahili kupewa kwa ukamilifu ule ule alivyopewa karani wa sensa, na viongozi wanaopitisha bajeti wana wajibu wa kuwapa.